Mtoto anaharisha, nimnyime ziwa?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miezi 14 anaharisha tangu jana. Hapa kwetu karibu na Garsen tunateka maji ya mto. Jirani aniambia nimnyime ziwa na chakula hadi tumbo litulie. Nifanyeje?

JIBU: La, mama, usimnyime. Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini, na njaa humdhoofisha zaidi. Mnyonyeshe kuliko kawaida, na uji wake aendelee nao. Chukua ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki zahanati. Koroga paketi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa maji yaliyochemka yakapoa. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 uendelee. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma. Dawa za dukani za kufunga tumbo, achana nazo kabisa.

Mafuriko ya 2024 yalifuatwa na kipindupindu katika kaunti yenu ya Tana River. Kwa hiyo choo kikiwa kama maji ya mchele au kina damu, macho yakididimia, akilegea au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali mara moja, usingoje kuche. Barabara ikikatika, panda mtumbwi, na umnyweshe ORS njiani.