Gari Umelirudisha, Deni Bado Linasoma

Kila jimbo la Marekani lina sheria ya kumlinda mtu aliyeuziwa gari jipya lenye ubovu usiotengenezeka. Connecticut ilitangulia mwaka 1982, mengine yakafuata. Gari likiingia gereji tena na tena kwa tatizo lile lile, kampuni iliyolitengeneza inaweza kulazimika kulinunua upya. Kwa ndugu zetu wanaoishi huko, wengi wao wakitegemea gari kufika kazini zamu ya usiku au kubebea abiria, siku ya kukabidhi funguo huwa ni ya kupumua. Halafu mwezi unaofuata benki inadai rejesho kama kawaida.

Benki haijakosea. Mkataba wa mkopo ulisaini na mkopeshaji. Makubaliano ya kurudisha gari umesaini na mtengenezaji. Mkopeshaji hayumo katika makubaliano hayo ya pili, na halazimiki kuyasubiri. Kwake yeye deni linakwisha fedha zinapoingia kwenye akaunti ya mkopo, hata kama gari liliondoka kwako wiki kadhaa nyuma. Kwa hiyo nalisisitiza hili kuliko yote: endelea kulipa marejesho mpaka mkopeshaji mwenyewe akuthibitishie kwa maandishi kwamba salio ni sifuri. Inauma kulipia gari ambalo hulioni tena. Lakini fedha ulizolipa zaidi zinarudishika, ilhali rejesho lililochelewa siku 30 linaweza kuripotiwa kwa kampuni za ripoti za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, na doa hilo huweza kukaa kwenye ripoti yako miaka 7. Ukiwa huna kabisa uwezo wa kulipa mara mbili, mpigie mkopeshaji kabla ya tarehe ya rejesho, mweleze kwamba gari linanunuliwa na mtengenezaji, omba kuahirishiwa, na usitegemee ahadi ya simu mpaka uipate kwa barua.

Chanzo kikubwa cha mkopo kuchelewa kufungwa ni barua ya kufungia mkopo, ile ambayo mkopeshaji anataja kiasi cha kumaliza deni. Salio unaloliona kwenye programu ya simu silo kiasi cha kufungia mkopo, kwa sababu riba inaongezeka kila siku. Chukua mkopo wenye salio la dola 24,000 kwa riba ya asilimia 7.3 kwa mwaka: kila siku inaongeza dola 4.80. Barua ya mkopeshaji hutaja kiasi hadi tarehe fulani, mara nyingi siku 10 mbele. Hundi ya mtengenezaji ikifika siku 9 baada ya tarehe hiyo, inapungua dola 43.20. Kwa upungufu huo mdogo akaunti inaweza kubaki wazi, riba ikaendelea, na hati ya umiliki isiachiliwe. Nawe hujui lolote, kwa sababu umeshaambiwa hundi imetumwa.

Yapo na mengine. Anwani ya kupokelea marejesho ya kila mwezi aghalabu si ile ya kupokelea fedha za kufungia mkopo. Hundi isiyoandikwa namba ya akaunti huzunguka ofisini ikitafutiwa mwenyewe. Wakati mwingine mtengenezaji ameikabidhi kazi yote kampuni nyingine, basi ukilipigia simu duka lililokuuzia gari wanakuambia hawajui, nao kweli hawajui. Lakini kosa ninalolihofia zaidi ni pale fedha zinapofika na kuingizwa kama marejesho ya miezi ijayo badala ya kufunga mkopo. Programu itaonyesha kwamba hudaiwi kitu mwezi huu, ukatulia, kumbe mkopo uko hai. Usitazame kiasi unachodaiwa mwezi huu. Tazama salio lote, na kama akaunti imefungwa.

Nafasi yako nzuri ya kuzuia haya ni kabla ya kusaini, gari likiwa bado mikononi mwako. Soma makubaliano utafute mambo yafuatayo, na yasipokuwemo omba yaandikwe: kwamba mtengenezaji atalipa kiasi kamili cha kufunga mkopo kama kitakavyokuwa siku fedha zitakapopokelewa, pamoja na riba ya kila siku, kwamba atalipa ndani ya siku zinazotajwa tangu siku ya kukabidhi gari, na kwamba marejesho uliyolipa baada ya kusaini yatarudishwa kwako. Kama una wakili, mwachie hilo, lakini muulize waziwazi kama limeandikwa. Si ombi la ajabu. Volkswagen ilipoyanunua tena magari ya dizeli yaliyodanganya vipimo vya moshi, katika makubaliano yaliyohusu magari takribani 475,000 na kupitishwa na Jaji Charles Breyer wa San Francisco mwezi Oktoba 2016, utaratibu wa mikopo uliandikwa humo humo: mkopeshaji alilipwa kwanza, mwenye gari akapewa kilichobaki, na aliyedaiwa zaidi ya fidia yake akaongezewa kwa kiwango kilichowekewa kikomo.

Hapo hapo uliza pia kuhusu deni lililobebwa kutoka gari la zamani. Kama ulipokuwa ukinunua gari hili bado ulidaiwa lile la kwanza na deni likaunganishwa, mtengenezaji mara nyingi hukataa kulipa sehemu hiyo. Ni vyema ujue mapema ni kiasi gani kitakachokuangukia.

Kuna jambo linalowachanganya watu wengi. Ukiendelea kulipa marejesho huku mtengenezaji akilipa kwa barua ya zamani, mkopeshaji anaishia kupokea zaidi ya deni. Ziada inarudi kwa nani? Jibu linategemea mkopeshaji na makubaliano yenyewe, kwa hiyo waulize wote wawili kwa barua pepe, na hakikisha mkopeshaji ana anwani yako ya sasa. Ziada nyingi hupotelea kwenye anwani ya nyumba mtu aliyokwisha kuihama.

Siku ya kukabidhi gari, kumbuka kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha ya kilomita au maili kwenye dashibodi, ya gari pande zote, na ya kila karatasi unayosaini. Omba nakala ya hundi inayokwenda kwa mkopeshaji, au angalau uthibitisho wa kutuma fedha wenye tarehe na kiasi. Toa kifaa chako cha kulipia barabara. Kuhusu pleti, fuata utaratibu wa jimbo lako. California, kwa mfano, inataka utoe taarifa ya kuhamisha gari ndani ya siku 5. Bima isikatwe mpaka uwe na karatasi inayoonyesha kwamba gari si lako tena.

Baada ya siku chache, mpigie mkopeshaji na uombe idara ya kufunga mikopo. Uliza kama fedha zimefika, kiasi gani, lini, na kama kuna kilichobaki. Kikiwa ni upungufu wa dola chache, fikiria kuulipa mwenyewe siku hiyo hiyo na kumdai mtengenezaji baadaye kwa risiti, kwa kuwa kungoja hundi ya pili kunaweza kukugharimu rejesho zima. Akaunti ikishafungwa, zima makato ya moja kwa moja. Ukitaka kuyasimamisha kupitia benki yako, iarifu angalau siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa.

Siku za makubaliano zikipita bila malipo, andika, usipige simu tu: barua fupi kwa mtengenezaji ikitaja tarehe ya kukabidhi, kifungu kinachohusu malipo, na gharama za kila siku unazobeba. Jibu lisipokuja, peleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na kama anayekosea ni mkopeshaji, kwa CFPB, ofisi ya shirikisho inayoshughulikia huduma za fedha. Kosa likishaingia kwenye ripoti yako ya mikopo, lipinge kwa maandishi na kuambatanisha vielelezo. Kampuni ya ripoti kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza. Ripoti zenyewe unazipata bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com.

Anayehitaji gari jingine haraka atakuta mkopo wa zamani bado unahesabiwa katika madeni yake, na anaweza kunyimwa mpya au kupandishiwa riba. Nenda na makubaliano ya kurudisha gari pamoja na barua ya kufungia mkopo, uombe maombi yako yapitiwe na mtu badala ya kompyuta peke yake. Ukiweza kusubiri salio lisome sifuri, subiri.

Mwisho, chambua mkataba wa awali. Kama ulinunua bima ya kufidia pengo la mkopo au dhamana ya nyongeza ya matengenezo, huenda sehemu ambayo hukuitumia inarudishwa, isipokuwa kama mtengenezaji amekwisha kukulipa gharama hizo katika hesabu yake. Omba zifutwe kwa maandishi. Mkopo ukiwa bado wazi fedha hizo zinaweza kupelekwa kwa mkopeshaji kwanza, kwa hiyo rudi kumuuliza hata baada ya akaunti kufungwa.