Sauti Kanisani: Kazi Ijifunzwayo kwa Mikono

Wamisionari wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891, na kwa miaka mingi Neno lilihubiriwa katika milima hii ya Usambara kwa kinywa cha mtu peke yake. Siku hizi tunavyo vipaza sauti na spika. Walakini bibi kizee aketiye benchi la nyuma aweza kurudi nyumbani hakusikia neno ila mlio wa kutoboa masikio. Hasara hiyo si ndogo, maana imani huja kwa kusikia.

Basi yatupasa kuwafundisha vijana kazi hii. Wahenga walisema, Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kwa hiyo daftari halitoshi. Wapewe mashine yenyewe siku ya Jumamosi.

Kwanza, wajue chanzo cha mlio. Sauti itokayo katika spika huingia tena katika kipaza sauti, hukuzwa, hutoka, huingia tena, mpaka mashine yapiga kelele. Dawa yake ni kuweka spika mbele ya kipaza sauti, zikielekea watu, na kufunga vipaza sauti visivyotumika.

Pili, wapime umbali. Kinywa kikiwa mbali mara mbili, nguvu ya sauti ifikayo hubaki robo tu. Hapo fundi hulazimika kuongeza mashine, na mlio hurudi. Mhubiri na asogee karibu.

Tatu, wajue mwendo wa sauti: yapata mita 340 kwa sekunde. Spika ya pili ikiwekwa mita 34 nyuma ya ile ya kwanza, aketiye karibu nayo husikia kila neno mara mbili, maana sauti ya mbele humfikia imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Mashine iwezayo kuchelewesha spika ya nyuma kwa kadiri ile ile huondoa kasoro hiyo.

Nne, kuta za mawe hurudisha sauti, bali miili na nguo za watu huimeza. Kwa hiyo yaliyopangwa kanisa likiwa tupu hayana budi kusahihishwa Jumapili, watu wakiwa wamejaa.

Mwalimu, fanya hivi: kijana mmoja ashike mashine, wa pili asome, wa tatu aketi nyuma kabisa akiandika kila neno alisikialo. Kisha lilinganisheni daftari lake na kitabu, mrekebishe jambo moja tu, na kusoma tena. Halafu wabadilishane.