Dondoo muhimu: Programu ya kusanifu majengo Bukoba na Muleba

Programu ya usanifu huchaguliwa kwa kuangalia kwanza ardhi ambapo jengo litasimama. Septemba 10, 2016 mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, na nyumba nyingi za Bukoba na jirani zilipasuka au kuanguka. Kwa jengo la ghorofa, basi, programu ya kuchorea kama AutoCAD haitoshi. Inatakiwa pia ya kukokotoa uimara, mfano ETABS au ProtaStructure.

Umakini mkubwa unahitajika katika kuchagua kanuni ya usanifu ambayo programu hiyo itafuata. BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza iliyozoeleka kwa wahandisi wengi, haina masharti ya tetemeko. Eurocode 8, kanuni ya Ulaya, inayo. Programu ikiachwa kwenye BS 8110 peke yake, nguzo itapata nondo za kubeba uzito, lakini pale inapoungana na bimu, ringi zinazoifunga zinaweza kuachana mno, na hapo ndipo nguzo hupasukia ardhi inapoyumba.

Gharama nayo ipimwe mapema. Revit hulipiwa kila kipindi, hutumia Windows, na matoleo yake mapya hudai kompyuta yenye RAM ya GB 16 au zaidi. Kwa kuchora ramani ya nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa kule Muleba, LibreCAD ya bure inafaa kabisa.

Programu yoyote hukokotoa kile ilicholishwa tu. Majibu yake yahakikiwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla msingi haujachimbwa.