Jeshi la Ukubwa Gani? Somo Kutoka Ziwa Nyasa

Kwenye vimbweta vyetu, mjadala wa jeshi huwa na kambi mbili. Kuna wanaotaka liongezwe, na kuna wanaotaka lipunguzwe ili hela ziende kwenye bumu na zahanati. Kambi zote mbili zinaruka swali la kwanza: jeshi la kufanya kazi gani? Twende mwambao wa Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay. Huko tuna mgogoro halisi wa mpaka.

Mgogoro wenyewe

Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana makoloni, na mpaka wa ziwani ukawekwa ufukweni upande wetu. Malawi inaushikilia mkataba huo. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji. Kwa hesabu ya Malawi, mama wa Liuli anayechota maji anavuka mpaka kwa kulowesha miguu tu.

Suala hili liliwagombanisha Nyerere na Banda mwaka 1967. Likarudi 2011 na 2012, Malawi ilipotoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani. Maneno yakawa makali. Jeshi letu ni kubwa kuliko la Malawi kwa mbali, lakini ukubwa huo haukuusogeza mpaka hata hatua moja. Shauri likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika, chini ya Joaquim Chissano. Halijaisha, ila vita havikutokea na wavuvi wanaendelea kuvua usipa.

Liuli, 1914

Bunduki ziliwahi kulia pale. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilitokea ghafla Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Ikaishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Kwa meli moja, Waingereza wakalishika ziwa. Majini, wingi wa askari si kitu bila chombo na bila taarifa.

Bei yake

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Jeshi letu, lililokuwa na watu kama 40,000, lilipanuka hadi zaidi ya 100,000, wakiwemo mgambo. Tulishinda, kisha Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Vita haikuwa sababu pekee ya hali ngumu ya miaka ya 1980, lakini mchango wake ulikuwa mkubwa.

Hapa wenzetu wa kambi ya kwanza watauliza: bila jeshi, nani angeikomboa Kagera? Hoja hiyo ina uzito, na nchi isiyoweza kujilinda hata mezani haisikilizwi. Lakini tuiangalie vizuri: wengi waliopigana waliitwa hatari ilipokuja. Hawakuwa wakilipwa mishahara miaka yote. Askari wa kudumu anahitaji mshahara, posho, sare, nyumba na pensheni, vita iwepo isiwepo.

Kipimo

Kwa hiyo tuanze na kazi, ndipo tuje kwenye idadi. Mpaka wa Ziwa Nyasa utaamuliwa kwa karatasi, kama ulivyochorwa kwa karatasi. Hapo tunahitaji wanasheria na wanadiplomasia. Ulinzi wa kila siku unahitaji boti chache za doria zenye mafuta na mabaharia waliofunzwa, ambazo pia zitaokoa wavuvi dhoruba ikichafua ziwa. Kikosi kikubwa kinachokaa ufukweni bila boti hakifanyi hata moja kati ya hayo.

Jeshi dogo lenye ujuzi, pamoja na akiba inayoweza kuitwa, linatosha kwa hatari tunazozijua. Bajeti ya ulinzi husomwa bungeni kila mwaka. Wasomi tuisome kwa jicho hilo.

Maswali ya kujadili

1. Hatari zipi za Tanzania zinahitaji askari wengi, na zipi zinahitaji vifaa au mazungumzo?
2. Mafunzo ya JKT yanaweza kutupa akiba ya kweli?
3. Ukipewa shilingi bilioni moja kwa ajili ya usalama wa Mbamba Bay, utaanza na nini?