Alimtoa Kando: Yesu Ugenini na Watoto Wenye Usonji



Vijana wenzangu, somo letu wiki hii ni Marko 7:31-37, Yesu anamponya bubu-kiziwi. Lisome kwanza kwenye Biblia yako, halafu urudi hapa. Ni mistari saba tu.

Umesoma? Sasa angalia mambo mawili ambayo huwa tunayaruka kwa haraka ya kufika kwenye "Efatha". Kwanza, haya yanatokea Dekapoli, nchi ya watu wasio Wayahudi. Yesu yuko ugenini. Pili, anamtoa yule mtu kwenye umati, wanabaki wawili, halafu anaongea naye kwa vidole: anagusa masikio, anagusa ulimi, anatazama juu mbinguni. Huyu mtu hasikii. Ukimwambia kwa mdomo kwamba unamponya, hajui umesema nini. Kwa hiyo Yesu anaanza na lugha ambayo mwenzake anayo.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya swali lililoulizwa kwenye semina moja ya vijana: kuna haja gani watu wapande ndege kutoka Ulaya au Marekani kwenda kufundisha walimu na wauguzi wa nchi nyingine namna ya kuwasaidia watoto wenye usonji? Aliyeuliza alikuwa na hasira kidogo, na mimi naona hasira yake ina msingi. Wageni wa wiki mbili tunawajua. Fulana za kufanana, picha na watoto, kwaheri.

Lakini tuanze na usonji wenyewe. Ni hali inayotokana na jinsi ubongo unavyokua. Mtoto anaweza kuchelewa kusema au asiseme kabisa, asikutazame machoni, arudie jambo moja mara nyingi, aumizwe na kelele ambayo wewe hata huioni kuwa kelele. Wengine wanaongea vizuri na kufaulu shule, wengine wanahitaji msaada wa kila siku maisha yao yote. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, wataalamu wakubwa kabisa waliwalaumu akina mama, kwamba eti ni watu baridi, hawampendi mtoto. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe na mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kilichotetea kwamba chanzo kiko mwilini, sio kwenye malezi.

Nayasema haya makusudi. Huku kwetu utasikia mtoto karogwa, mama alivunja mwiko, ana pepo. Wenzetu wenye vyuo na maabara walisema mama hana upendo. Aliyebebeshwa mzigo ni mama yuleyule. Na kuhusu pepo, Katekisimu namba 1673 iko wazi: ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo jingine kabisa, na kuutibu ni kazi ya tiba. Usonji wala sio ugonjwa wa kuambukizwa au wa kufukuzwa. Kumshika kwa nguvu mtoto wa miaka minne na kumpigia kelele "toka!" kwa sababu haongei ni kumuumiza, maana masikio yake huenda yanasikia kuliko yako.

Turudi kwa wageni. Mwaka 1979, jijini Lima, Peru, mwanasaikolojia kijana anayeitwa Liliana Mayo alianza kufundisha watoto wachache wenye ulemavu kwenye gereji ya wazazi wake. Gereji ile ndiyo mwanzo wa Centro Ann Sullivan del Perú. Judith LeBlanc, profesa wa Chuo Kikuu cha Kansas, akashirikiana naye kwa miaka mingi, wakatengeneza pamoja mtaala wa kumfundisha mtoto vitu atakavyovitumia kweli: kuvaa, kula mezani na wenzake, kupanda basi, kufanya kazi. Wazazi nao wanaingia darasani, kwa kuwa muda mwingi mtoto yuko nao. Wapo waliosoma pale ambao leo wameajiriwa na wanalipwa mshahara kama mtu mwingine yeyote.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, ila lazima mwenyeji awepo kwanza! Lima ilikuwa na mwenyeji. Profesa alikuta kazi imeanza.

Sasa fungua Marko 5. Nchi ileile ya Dekapoli, Yesu amemponya yule mtu aliyekuwa anakaa makaburini. Wenyeji wa pale wanamwomba Yesu aondoke. Aliyeponywa anamsihi amchukue, na Yesu anakataa, anamwambia arudi nyumbani kwa watu wake. Akaenda akatangaza Dekapoli yote. Halafu sura ya 7, Yesu anarudi Dekapoli, na safari hii watu wenyewe wanamletea bubu-kiziwi na kumsihi amwekee mkono. Nani aliwabadilisha? Marko hatuambii. Ila tunajua nani aliachwa kule.

Kwa macho hayo angalia mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, kwa familia za watoto wa miaka 2 hadi 9. Ni vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3. Wataalamu wachache wanawafundisha wakufunzi wa nchi husika, wale wanafundisha waendeshaji ambao sio lazima wawe mabingwa, na waendeshaji wanakaa na wazazi. Ethiopia ni mojawapo ya nchi yalikojaribiwa. Lakini huko kazi ilikuwa imeshaanza. Zemi Yenus, mama wa mtoto mwenye usonji, alifungua kituo Addis Ababa mwaka 2002, akabuni njia ya kufundisha kusema na kusoma kwa kutumia sauti za herufi za Kiethiopia. Hiyo hakuna mgeni angeileta kwenye sanduku.

Kwa hiyo kijana mwenye ujuzi anayetaka kwenda kujitolea nje, aende. Ila ajiulize nani kamwalika, na nani atabaki na ujuzi huo yeye akishapanda ndege. Kwenye Luka 10 wale sabini na wawili waliambiwa wakae nyumba ileile na wale wanachopewa. Mtu anayekula ugali wako mezani kwako atajua mtoto wako anaogopa nini.

Kwenye falsafa tulisoma Boethius, kwamba nafsi ni kitu kimoja-kimoja chenye asili ya akili. Asili, jamani. Hakusema lazima uongee. Mtoto asiyesema neno ni mtu kamili kama Boethius mwenyewe.

Na kwetu parokiani? Kanuni 777 ya Sheria ya Kanisa inamtaka paroko ahakikishe wenye ulemavu wa mwili au akili wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Lakini katekista wetu kafundishwa na nani? Anauliza swali, mtoto hajibu, basi Komunyo ya Kwanza mpaka mwakani. Mwakani hivyohivyo. Kuna njia rahisi: picha za sehemu za Misa zilizopangwa kwa mfuatano, kumpeleka kanisani siku hakuna watu azoee, benchi la karibu na mlango. Mwalimu wa elimu maalumu aliyesoma Patandi anaweza kukaa na makatekista Jumamosi moja akawaonyesha. Viongozi wa vijana, mnaweza kumtafuta nyie.

Wiki ijayo ni Marko 8:22-26. Yesu anamshika kipofu mkono, anamtoa nje ya kijiji. Angalia anamuuliza swali gani.