Jinsi Mfupa Uliovunjika Unavyoungana

Barabara itokayo Makambako kwenda Njombe ina miteremko mingi. Mwendesha baiskeli aangukaye hapo mara nyingi hutanguliza kiganja, akavunjika mfupa wa mkono karibu na kifundo, au mtulinga. Yafaa mwanafunzi aelewe kwamba plasta ya jasi haiungi mfupa. Huutuliza tu, nao hujiunga wenyewe.

Kwanza damu huganda kati ya ncha zilizovunjika. Baada ya majuma 2 au 3 hivi, seli huwa zimejenga hapo daraja la gegedu, lenye kupindika kama sikio. Maumivu hupungua, na hapo ndipo penye hatari: mgonjwa huiona plasta kuwa mzigo, akaikata ili arudi shambani, ilhali gegedu halijajaa kalsiamu na fosfati za kuligeuza mfupa. Likipindwa, mkono huunga kombo. Kifundo cha mtu mzima huhitaji majuma 6 hivi. Muundi, ubebao mwili, miezi 3 au zaidi. Watoto hupona upesi zaidi.

Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, plasta (au mabanzi ya mganga) imezuia damu. Mgonjwa arudi hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku.