Mshahara Wenye Maandishi: Kwa Waajiri wa Handeni na Korogwe

Wazee waliokulia kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe wanalikumbuka neno kipande. Ilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na manamba aliyetoka mbali kuja kukata mkonge hakupata ujira wake mpaka kadi ijae. Siku ambayo haikutiwa alama ilihesabika kuwa haikufanyiwa kazi, na aliyetia alama alikuwa mtu wa mwajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeigeuza hesabu hiyo. Bado mwajiri ndiye anayeandika, ila sasa maandishi yake ni haki ya mfanyakazi. Wajibu huo haumhusu mwenye shamba kubwa peke yake. Unamhusu mwenye mgahawa Segera, mwenye gereji Mombo, na mama mwenye duka Chanika anayesema, "Mimi nina vijana wawili tu." Wawili wanatosha.

Anza na siku ya malipo. Mshahara hulipwa kwa fedha, siku mliyokubaliana, mahali pa kazi na ndani ya saa za kazi. Au, mfanyakazi akikubali, kwa hundi au kwenye akaunti aliyoitaja mwenyewe. Pamoja na fedha hiyo mpe hati inayoonyesha amelipwa kiasi gani, kwa kipindi gani, kimekatwa nini na kwa sababu gani. Ujumbe wa simu wa kupokea pesa hautoshi, maana unaonyesha kilichoingia na kunyamaza juu ya kilichokatwa.

Hapo kwenye makato ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa hiyo tusimame kidogo. Yapo makato yanayoamriwa na sheria au mahakama. Makato ya deni yanahitaji mfanyakazi akubali kwa maandishi. Akichukua unga na sukari kwa mkopo dukani kwako, andika ni bidhaa gani na kiasi gani. Akivunja kifaa, huna ruhusa ya kukata papo hapo kwa hasira. Uharibifu uwe umetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Umpe maelezo ya maandishi ya chanzo, kiasi na namna ulivyokokotoa. Umpe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kumtaka asaini kuwa amepokea 200,000 huku mkononi ana 150,000 ni kuvunja sheria, hata kama alisaini akitabasamu.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Chukua mlinzi wa mchana anayelipwa shilingi 195,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 4.333 upate mshahara wa wiki, kisha kwa 45: saa yake moja ni takriban shilingi 1,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 1,500. Akifanya kazi sikukuu ya taifa, ni mara mbili.

Na anayelipwa kwa kazi aliyoimaliza, kama mkata mkonge anayehesabiwa mafungu? Mshahara wake wa wiki hupatikana kwa wastani wa alichopata katika wiki 13 zilizopita, na wastani huo ndio msingi wa malipo yake ya likizo. Asiyeandikiwa mafungu yake kila siku hana wastani wa kuonyesha. Kumwita mtu kibarua pia hakumwondoi kwenye sheria: aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 huchukuliwa kuwa mwajiriwa wako mpaka wewe uthibitishe vinginevyo.

Kima cha chini hubadilika. Kwa kilimo, amri iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi. Amri mpya imeanza Januari 2026. Usilipe kwa jedwali la zamani.

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Kodi ya mshahara, PAYE, huanza kwa anayelipwa zaidi ya shilingi 270,000 kwa mwezi na hupelekwa TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipiwa na mwajiri peke yake. Tunasisitiza: ukimkata mtu mchango wa NSSF usiuwasilishe, umechukua uzee wake.

Mgogoro wa mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Huko, mwajiri asiyeweza kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi ya kazi ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana. Basi daftari la malipo liwekwe mahali pakavu, mbali na mchwa, kwa miaka 5 baada ya mfanyakazi kuondoka.